Shahada ya Masoko Isiwe Pambo la Ukutani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo una hekima yake, lakini visiwa vyetu vimekwishapata funzo kwamba peke yake hautoshi. Karafuu ya Unguja na Pemba ilisifika dunia nzima, na kwa miaka mingi mnunuzi wake mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek. Indonesia ilipokuza mashamba yake yenyewe hata ikajitosheleza katika miaka ya 1980, bei iliporomoka na mkulima wetu akaumia. Karafuu haikuwa imepungua harufu. Mnunuzi ndiye aliyeondoka.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu wapo vijana wetu walioingia katika kampuni za matangazo, na aghalabu huuliza kama kuna faida ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya masoko. Baadhi ya wazee wao huona kwamba kutunga tangazo ni kipaji tu, na kwamba fedha ya ada ingefaa zaidi kwa kujenga nyumba. Sisi tunaamini kwamba faida ipo, tena kubwa, ila ina masharti yake.

Kwanza yafaa ieleweke kazi yenyewe. Katika kampuni ya matangazo wamo watunzi wa maneno na wachoraji. Wamo wanaonunua nafasi magazetini na muda wa redio na televisheni. Wamo wanaosimamia uhusiano na mteja. Na wamo wanaochunguza soko na kupanga mkakati kabla ya neno lolote kuandikwa. Mtunzi hodari hatapewa kipaji na chuo asichokuwa nacho. Lakini msimamizi wa wateja na mpanga mikakati hukaa meza moja na mkurugenzi wa benki au wa hoteli, ambaye haulizi kama picha inapendeza, bali anauliza fedha yake itarudi vipi. Asiyejua kusoma hesabu za faida na gharama, wala kupima kama tangazo limeongeza mauzo, atabaki kupokea maagizo. Anayejua ndiye atakayeshauri, na anayeshauri ndiye hupandishwa cheo.

Wapo watakaotutajia David Ogilvy, aliyeondoka Chuo Kikuu cha Oxford bila ya shahada, kisha mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya matangazo mjini New York iliyopata umaarufu duniani. Ni kweli. Lakini wasisahau kwamba kabla ya hapo aliuza majiko nyumba kwa nyumba, na akafanya kazi ya utafiti wa maoni chini ya George Gallup. Elimu ya soko aliipata, ila hakuipatia darasani. Halikadhalika, mwaka 1968 kampuni mbili za mjini London zilianzisha kazi ya kupanga matangazo kwa kumchunguza mnunuzi, kazi ambayo leo imeenea kote. Tangu hapo imedhihirika kwamba tangazo huanza kwa kumjua mtu anayeambiwa.

Hilo ndilo hasa linalofundishwa katika uzamili wa masoko: namna ya kuuliza maswali kwa wanunuzi na kuyachambua majibu kwa takwimu, namna ya kupanga bei, namna ya kuligawa soko na kuchagua sehemu ya kuhudumia, na namna ya kulijenga jina la bidhaa likaaminika. Tangazo ni sehemu moja tu ya mambo hayo. Mwenye kuyajua yote huwa na njia nyingi mbele yake: aweza kuongoza idara, aweza kuhamia upande wa mteja, na aweza kufungua kampuni yake mwenyewe.

Visiwa vyetu vina haja kubwa ya watu wa namna hiyo. Mwani umelimwa kwa biashara Unguja tangu mwaka 1989, na kina mama wa Paje na Jambiani wameujua vilivyo. Hata hivyo, sehemu kubwa husafirishwa ukiwa mkavu, ukauzwa kwa uzito kama mali ghafi, na jina la aliyeulima halifiki kwa mtumiaji wa mwisho. Utalii nao uliingiza wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, lakini mgeni huyo, kabla hajapanda ndege, amekwishasimuliwa habari za Zanzibar na watu wa mbali. Tusipowasomesha wetu, wengine wataendelea kutusemea, na ujira wa kusema utabaki kwao.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa pande tatu. Kwa kijana: usikimbilie uzamili siku ya pili baada ya shahada ya kwanza. Fanya kazi miaka miwili au mitatu, uujue uzito wa mteja aliyekasirika na wa tarehe iliyokwisha kupita, ndipo uende ukiwa na maswali yako. Vyuo vikuu vya nchini, kikiwemo cha Dar es Salaam, vinafundisha uzamili wa biashara, wala si lazima kwenda Ulaya. Na tasnifu yako iwe juu ya karafuu, mwani, au wageni wetu, isiwe juu ya kiwanda usichokijua.

Kwa wenye kampuni: mfanyakazi akisoma apewe kazi inayolingana na elimu aliyoipata. Akirudishwa kwenye kiti kile kile na kazi ile ile, ataondoka, na haki itakuwa yake.

Kwa Serikali na taasisi zake za karafuu, utalii na mikopo ya elimu ya juu: tunashauri elimu ya masoko ihesabiwe miongoni mwa fani zinazohitajika visiwani, na wanaofadhiliwa wafungwe kwa ahadi ya kurudi kutumika. Zabuni za kuitangaza Zanzibar nazo ziwe na sharti kwamba vijana wa hapa washirikishwe katika utafiti na mipango, wasiishie kubeba kamera.

Shahada inayotundikwa ukutani haimlishi mtu, wala cheo kitolewacho kwa ajili ya karatasi hakiinui mauzo. Ipimwe kwa kazi. Siku mkulima wa Wete na mama wa Jambiani watakapopata bei bora kwa sababu kijana wao amejua nani anunue na kwa nini, hapo tutasema kwamba ada ile haikupotea.