Ndoo na Godoro Havitoshi

Kila msimu wa udahili wadogo zangu wanaoenda chuo huniomba orodha. Ndoo, godoro, pasi, kufuli. Sawa, nunueni. Lakini hakuna duka linalouza ujasiri wa kumwambia mwenzako, "Ndugu yangu, simu yako inaniamsha saa nane usiku."

Mwaka wa kwanza mimi nilibebwa. Kwa asiyejua, kubebwa ni kukosa chumba, ukalala kitanda kimoja na aliyepata. Muhula mzima tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu. Hatukugombana hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Tulinuniana kimyakimya kwa sababu ya sabuni, mpaka tukaachana kama abiria wa daladala.

Wazee wanasema, vumilia. Mimi nakataa. Kuvumilia bila kusema ni kulimbikiza deni, na siku ya kulilipa urafiki haupo.

Na waandishi wetu nao wamechangia. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini tunakutana naye akiwa likizoni. Chumba cha bweni, watu wawili, taa moja: hiyo si riwaya? Tunaandika ndoa na siasa, tunaruka mahali wengi wetu tulipojifunza kuishi na mtu baki.

Mdogo wangu, usiku wa kwanza, kabla hamjatandika shuka, ongeeni: taa, wageni, kuazimana vitu. Aibu ya dakika kumi ni nafuu kuliko kununiana muhula mzima.