Jeevanjee si ploti

 Nilitaka leo kuandika juu ya maji ya hosteli yaliyopotea tangu Alhamisi, lakini hiyo itangoja. Nina hasira nyingine.

Juzi nimetoka maktaba na jamaa mmoja tunayesoma naye, tukakatiza bustani ya Jeevanjee kutokea Moi Avenue. Jamaa akatazama watu waliolala kwenye nyasi, akasema: "Hii ploti inaozea hapa bure. Ingekuwa yangu ningepandisha ghorofa ishirini." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwanza, bro, si ploti. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliwapa watu wa Nairobi hiyo bustani mwaka 1906, mji ukiwa bado mchanga kabisa. Sisemi alikuwa malaika. Alitajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, tena akaweka hapo sanamu ya Malkia Victoria, ile iliyoangushwa mwaka 2015. Sawa. Lakini nitajie tajiri mmoja wa leo aliyewapa watu wote ardhi katikati ya jiji wakae tu. Nangoja.

Pili, hayo mawazo yako si mapya. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alikataa katakata, akaanza kampeni, watu wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Na msidhani ilikuwa rahisi kusema hapana siku hizo. Miaka miwili kabla yake Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, akatukanwa mpaka bungeni. Leo wote tunapiga picha Uhuru Park kana kwamba ilijilinda yenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Jeevanjee alitoa zawadi mara moja, akafariki mwaka 1936. Zawadi yenyewe haikuzuia mtu kuja na ramani ya jengo. Kilichozuia ni watu waliosema hapa ni petu. Siku sisi wasomi tukianza kuiita ploti, mnyakuzi hana haja ya kuhonga mtu. Tumeshamfanyia kazi.

Tatu, hao unaowaita wazembe. Ukikaa saa tatu kwenye mkahawa na kikombe kimoja cha kahawa unaitwa mteja. Yule akikaa saa tatu kwenye nyasi ni mzembe. Tofauti ni mfuko tu, bana. Pale kuna wahubiri wa saa saba, kuna Bunge la Mwananchi wakibishana siasa kuliko darasa letu lolote, kuna mtu ametembea tangu asubuhi na bahasha ya vyeti, anapumzisha miguu kabla ya kuendelea.

Na mimi pia nimekuwa huyo mtu. Muhula uliopita pesa zangu zilichelewa wiki tano. Sikuwaambia, aibu. Mchana wakati wenu wa kula mimi nilikuwa naenda Jeevanjee na njugu za shilingi kumi, nasoma noti zangu kwenye benchi mpaka saa nane. Kote kwingine mjini ukikaa utaulizwa unataka nini. Pale hakuna aliyeniuliza. Jamaa yangu wa ghorofa ishirini, kwa hilo jengo lako ningekaa wapi? Askari wa mlangoni angenifukuza kabla sijafungua njugu.

Ndiyo, bustani ina uchafu, na jioni chunga simu yako. Basi tudai isafishwe na iwekwe taa. Nyumba ikiwa chafu huiuzi, unafagia.

Kesho saa saba niko pale, benchi za upande wa Muindi Mbingu. Anayetaka kubishana aje. Njugu ni zangu, soda ni yenu.