Fundi, tafadhali usifomati kwanza!

Ukipeleka laptopu iliyogoma kwa fundi, kuna swali utaulizwa karibu kila mara: "Tufomati?" Na wengi wetu hujibu haraka, "Sawa, bora iwake." Jibu hilo ndilo lililoniponza.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nyumbani Rusinga kwa likizo ya Desemba. Jioni tatu mfululizo nilikaa na nyanya nikamrekodi kwa simu akisimulia mambo ya zamani kwa Olusuba: majina ya samaki, pepo za ziwani, nani alihamia kisiwani kutoka wapi. Simu ilipojaa, nikahamishia rekodi zote kwenye laptopu na kuzifuta kwenye simu. Machi, nyanya akatuacha.

Mei, stima ikapotea Windows ikiwa katikati ya kujisasisha. Betri ilikuwa imekufa zamani, laptopu ilitegemea chaja tu. Stima iliporudi, nembo ilitokea, vidoti vikazunguka, kisha skrini nyeusi. Nikavuka daraja hadi Mbita. "Omera, hii Windows imekufa. Tufomati, soo tano tu," fundi akaniambia. Nikakubali.

Baada ya saa mbili mashine ilikuwa inawaka kama mpya. Pia ilikuwa tupu kama mpya. Sauti ya nyanya niliyobaki nayo ni ya dakika nne, kipande nilichokuwa nimemtumia shangazi wa Nairobi kwa WhatsApp.

Simlaumu fundi. Alifanya kazi niliyomlipa. Lawama yangu ni kwa mazoea yetu sote: tunajali mashine iwake, tunasahau kwamba mashine hununuliwa tena ila kilichomo ndani hakinunuliwi.

Windows ikikataa kufunguka, ni kama kufuli ya nyumba imeharibika. Mara nyingi vyombo vyako bado vimo ndani, salama. Nani huchoma nyumba kwa sababu ya kufuli?

Na njia za kuingia zipo. Kama haiwaki kabisa, chomoa chaja na utoe betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha ujaribu chaja nyingine. Kama nembo inatokea lakini haiendi mbali, tumia flashi iliyotiwa Linux ya bure, kwa mfano Ubuntu au Mint. Washa laptopu kutoka kwa hiyo flashi, chagua kuijaribu tu bila kuisakinisha, halafu nakili faili zako kwenye flashi nyingine. Ikishindikana, fundi anaweza kutoa diski, kuitia kwenye kasha la USB na kuisoma kwa kompyuta nyingine kama flashi ya kawaida. Ikidai ufunguo wa BitLocker, hizo tarakimu 48, zitafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Ukisikia diski inagonga ka-ka-ka, zima mara moja. Hiyo inakufa, na kila ukiiwasha unaimaliza. Na kama umeshafomatiwa, acha kuitumia mashine hiyo. Kwa diski za zamani zinazozunguka, programu za kufufua faili huweza kuokoa kitu kabla faili mpya hazijakalia nafasi ya zile za kale. Kwa SSD, matumaini ni kidogo sana.

Kuna watakaosema, "Si uweke kila kitu mtandaoni?" Ni kweli, Google hutoa GB 15 bure. Lakini kupandisha saa tatu za video kwa bando la kununua kila siku, mtandao nao ukija na kwenda, si mchezo. Kwa wengi wetu flashi ya pili, inayokaa kwa mtu mwingine, ndiyo njia ya kweli. Kilichoniokolea zile dakika nne si teknolojia kubwa. Ni kwamba zilikuwa mahali pawili.

Kwa hivyo nina ombi kwa mafundi, kuanzia Mbita hadi Nairobi: lifanyeni swali la kwanza liwe "Kuna faili unazotaka?" na mlipishe kazi ya kuziokoa. Ningeongeza elfu moja siku ile nikitabasamu. Nasi wateja tuseme kabla ya kuacha mashine mezani: "Usifomati mpaka faili zitoke."

Kwa mwanafunzi, hiyo ni tofauti kati ya kuwasilisha mradi wa mwaka wa mwisho na kuurudia. Kwetu Rusinga ni zaidi ya hapo. Wasuba wengi siku hizi huzungumza Dholuo, na UNESCO imeorodhesha lugha yetu kati ya zile zilizo hatarini. Wazee wanaoijua vizuri hawatusubiri, na maneno yao hayapo YouTube. Sasa hivi yako kwenye simu na laptopu zetu zenye betri mbovu.

Mimi nimeshanunua flashi mbili. Desemba hii narudi kumrekodi dada yake nyanya, na moja ya flashi hizo itabaki kwa shangazi.