Mbwa Jitu Haishi Sana: Tujiulize Kabla ya Kununua



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utawashangaza kidogo, kwa maana nataka kuzungumza juu ya mbwa. Mimi ni muuguzi wa binadamu, si daktari wa mifugo. Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu lilianzia wodini kwetu, nalo lilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi katika Jumuiya Ndogo Ndogo moja.

Mama mmoja aliletwa hospitalini presha imempanda. Nilipomwuliza kinachomsumbua, akasema, "Sista, jirani yangu ametuulia mbwa. Amemtilia sumu." Mbwa huyo alikuwa wa aina ya Great Dane, amenunuliwa mjini kwa fedha nyingi. Watoto walimpenda, na wapita njia walisimama kumtazama kwa ukubwa wake. Alikuwa na miaka sita tu. Jioni alikula sinia zima la ugali na mapupu, kwa pupa kama kawaida yake. Usiku tumbo likavimba kama ngoma, akawa anajikamua kutapika asiweze, na kabla ya alfajiri akafa.

Nani asingefikiri sumu? Bahati njema mume wa mama huyo alikuwa amemwita bwana mifugo ampasue mbwa. Akakuta tumbo limejaa hewa na limejisokota kama nguo inayokamuliwa. Kifo kilitokana na hilo. Jirani hakuwa na kosa, ila tu aliwahi kulalamika juu ya kelele za usiku.

Nilikwenda kwa bwana mifugo yule nikamwuliza mengi, kisha nikasoma. Niliyoyapata yanafaa kujulikana na kila familia inayofuga mbwa au inayotamani kununua.

Mkubwa hutangulia kufa

Tumezoea kuona wanyama wakubwa wakiishi kuliko wadogo. Tembo huweza kufikisha miaka 60, panya hamalizi mitatu au minne. Kwa mbwa mambo hugeuka. Chihuahua, mbwa asiyezidi kilo tatu hivi, mara nyingi hufikisha miaka 14 na zaidi. Great Dane mwenye kilo 60 au 70 huishi miaka saba au minane, na yule Irish Wolfhound mrefu wa Ireland hali yake ni hiyo hiyo.

Mwaka 2013 wataalamu walichapisha hesabu walizofanya juu ya vifo vya mbwa zaidi ya 50,000 wa aina 74. Waliona kwamba kwa kila kilo mbili mwili unazozidi, maisha hupungua kiasi cha mwezi mmoja. Waliona pia kwamba mbwa wakubwa huzeeka mbio. Uzee ukishaanza, huwaendea kwa kasi kuliko unavyowaendea wadogo.

Mfano upo. Mwaka 2011 Great Dane mmoja wa Michigan, Marekani, jina lake Zeus, alipimwa urefu wa sentimita 111.8 kutoka chini hadi mabegani, akatangazwa kuwa mbwa mrefu kuliko wote duniani. Alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka mitano. Baadaye Zeus mwingine, wa Texas, akapata sifa hiyo hiyo. Huyo alipata saratani ya mfupa, akakatwa mguu, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka mitatu.

Haraka haraka haina baraka

Kwa nini iwe hivyo? Mtoto wa Great Dane huzaliwa na uzito wa nusu kilo au kuzidi kidogo. Akitimiza mwaka mmoja anaweza kuwa na kilo 50. Sisi tunaopima watoto kliniki tunajua mtoto wa binadamu hufikia uzito wake wa kuzaliwa mara tatu tu kwa mwaka mzima. Huyu hufikia mara mia hivi! Katika damu ya mbwa wakubwa mna kwa wingi kemikali inayoamuru mwili ukue, iitwayo kwa kifupi IGF-1. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba tofauti katika chembe ya urithi ya kemikali hiyo ni sababu kubwa ya mbwa wengine kuwa wadogo. Wengi wanadhani ukuaji huo wa mbio ndio unaochakaza mwili mapema.

Mifupa hubeba uzito kabla haijakomaa, nyonga zikalegea. Saratani ya mifupa ya miguu huwapata mbwa hawa kuliko wadogo. Misuli ya moyo huchoka, moyo ukatanuka na kushindwa kusukuma damu. Na kwa kuwa vifua vyao ni virefu kwenda chini, tumbo hupata nafasi ya kujisokota, kama nilivyoeleza.

Barry wa milimani

Hapo zamani nilifanya kazi na sista Mswisi aliyekuwa na kalenda yenye picha ya mbwa wa Saint Bernard, mkubwa mno. Nilidhani mbwa hao walikuwa hivyo tangu mwanzo. Kumbe sivyo.

Mtakatifu Bernardo alianzisha katika karne ya 11 nyumba ya kupokea wasafiri kwenye njia ya milima ya Alps, kati ya Uswisi na Italia, kimo cha karibu mita 2,470. Watawa wa nyumba hiyo walianza kufuga mbwa katika karne ya 17, nao wakasaidia kuwatafuta watu waliopotea au kufukiwa na theluji. Aliyepata sifa zaidi ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800. Husemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Alipozeeka alipelekwa mjini Bern mwaka 1812, akafa huko mwaka 1814. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo hadi leo.

Sasa sikilizeni. Inakadiriwa kwamba Barry alikuwa na kilo 40 hadi 45 hivi, na aliishi miaka 14. Saint Bernard dume wa leo huweza kupita kilo 80, na kwa kawaida huishi miaka minane hadi kumi. Mbwa aliyefanya kazi ya kuokoa watu alikuwa wa wastani. Ukubwa uliongezwa baadaye na watu waliopenda kumtazama.

Maoni yangu

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi. Ukubwa huu haukuletwa na maumbile peke yake. Ni binadamu aliyechagua, kizazi hadi kizazi, kumzalisha aliye mkubwa na kumwacha wa kadiri. Na anayechagua anafuata mnunuzi. Kila tunapolipa zaidi kwa sababu mbwa "ni bonge", tunaagiza jitu jingine lizaliwe, liishi miaka michache, life kwa maumivu. Mungu alitukabidhi viumbe tuvitunze. Kukifupishia kiumbe maisha ili majirani watushangae si utunzaji.

Wengine watasema wanahitaji ulinzi. Mwizi huogopa mbwa anayeamka na kubweka, na mbwa wa kawaida wa kijijini, mwenye kilo 15 au 20, hubweka vizuri sana.

Kwa aliye naye tayari

Usimtupe. Mpe chakula mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, wala usimkimbize baada ya kula. Mtoto wake asinenepeshwe, wala asiongezewe madini ya chokaa bila ushauri, kwa kuwa yakizidi huharibu mifupa. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, mbwa wa aina ya Labrador waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao. Tumbo likivimba ghafla naye anajaribu kutapika bila kitu kutoka, mwite daktari wa mifugo saa ile ile. Usingoje asubuhi.

Tahadhari moja: msichukue kipimo cha mbwa mkapimia watoto. Mtoto mrefu si mgonjwa, na mtoto anayekua lazima ashibe. Habari hii ni ya mbwa.

Yule mama presha ilishuka baada ya siku tatu. Alipotoka wodini hakwenda kwanza nyumbani kwake, alipitia kwa jirani. Nimeambiwa walikaa kimya muda mrefu kabla ya kupeana mikono. Watoto wake sasa wanataka mbwa mwingine. Nimemshauri atafute wa wastani, ili wakue naye.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.