PS5 Si Jibu la Mpanda

Imani iliyoenea sasa miongoni mwa vijana na wazazi wengi, kuanzia Kariakoo hadi Mpanda, ni kwamba anayenunua mashine ya gemu ana swali moja tu la kujiuliza: achukue PS5 au Xbox Series? Kingine chochote huhesabiwa kuwa kimepitwa na wakati. PS4 inatajwa kama kitu cha kumwachia mdogo wako, na PS3 kama chuma chakavu. Mkulima wa tumbaku aliyelipwa mauzo yake, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyepata, kijana wa Majengo au Makanyagio anayetaka kufungua banda la gemu, wote wanapewa ushauri uleule: usinunue cha zamani, utajuta. Ninaupinga ushauri huo waziwazi. Kwa mtu anayeishi Mpanda, Inyonga, Karema au Maji Moto, mkoani Katavi, ubishi wa PS5 na Xbox unahusu mazingira ya watu wengine. Mashine inayomfaa ni ile inayofanya kazi kwa umeme alio nao, isiyodai intaneti asiyoimudu, na ambayo ikiharibika fundi ataiweza. Kwa vipimo hivyo kizazi kipya kinashindwa na kile kilichokitangulia, na PS4, yenye sehemu ya kuingizia diski, ndiyo ya kununua.

Historia ya mashine hizi haiungi mkono imani hiyo hata kidogo. PS2, iliyotoka Japani Machi 2000, ilizidiwa nguvu na Xbox ya Microsoft na GameCube ya Nintendo, zilizotoka mwaka uliofuata. Hata hivyo iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na Sony iliendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2006 Nintendo ikaleta Wii, mashine dhaifu mbele ya PS3 na Xbox 360. Wii ilivuka milioni 100, na kati ya wapinzani wake hao wawili hakuna aliyefika milioni 90. PS3 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 499 na 599, Wii kwa dola 250. Wanunuzi wa nchi tajiri, wenye umeme wa uhakika na mishahara mikubwa, waliangalia bei, michezo iliyopo na wenzao wa kucheza nao, ndipo wakaamua. Hapa kwetu pia, PS2 ndiyo iliyojaza mabanda ya gemu mitaani kwa Winning Eleven, PES na GTA San Andreas, na ilifanya hivyo miaka mingi baada ya PS3 kutoka. Ikiwa nguvu ya mashine haikuamua mambo Tokyo wala New York, hakuna sababu ya kuiacha iamue Katavi.

Katavi nayo ina hali yake. Mkoa ulianzishwa rasmi Machi 2012 ukimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.15. Watu wameongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, na huduma zimekuwa zikihangaika kuwafikia. Kwa miaka mingi Mpanda ilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, na ndiyo maana Serikali ikaanza kujenga njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Gridi ni haki ya watu wa Katavi na hakuna wa kuibeza. Lakini gridi nayo haijaahidi umeme usiokatika: mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mikoa iliyomo ndani yake ilipitia mgawo, na Aprili 1, 2024 ikapata hitilafu iliyoacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Kwa hiyo mtu mwenye busara hununua mashine akiwa na betri na inveta akilini. PS5 ikiwa katikati ya mchezo hula takribani wati 200, PS4 Slim chini ya wati 100, na PS2 nyembamba chini ya 50. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takribani wati-saa 1,200, na ile ya kawaida ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiongeza televisheni ndogo na umeme unaopotea kwenye inveta, betri hiyo itaendesha PS5 kwa saa mbili hivi. PS4 Slim itavuka saa tatu, na PS2 itakaribia saa sita. Kwa mwenye banda, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama jioni ya umeme kukatika atafunga mlango au ataendelea kupokea wateja.

Intaneti ni kikwazo kikubwa kuliko umeme. Mwaka 2013 Microsoft ilipoitangaza Xbox One, ilitaka mashine iunganishwe na mtandao angalau mara moja kila saa 24, tena ikaweka masharti juu ya kuuziana na kuazimana diski. Don Mattrick, aliyekuwa akiongoza kitengo hicho, alipoulizwa kuhusu watu wasio na mtandao alijibu kwamba kampuni ina bidhaa kwa ajili yao, nayo ni Xbox 360. Wateja walikuja juu, na Juni 19 mwaka huohuo masharti yale yakafutwa. Jibu la Mattrick lilichukiza, lakini lilikuwa na ukweli ambao wauzaji wetu hawausemi: mtengenezaji mwenyewe anajua kwamba mashine yake mpya haikuundwa kwa ajili ya mtu asiye na intaneti ya kutegemewa. Tangu hapo mwelekeo umekuwa uleule. Xbox Series S haina kabisa sehemu ya diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 inauzwa bila hiyo sehemu. PS5 iliyopunguzwa umbo mwaka 2023 ina kisomeo cha diski kinachochomolewa, na lazima kisajiliwe mtandaoni kabla ya kuanza kazi. Hata Nintendo Switch 2 ya Juni 2025, ambayo angalau hubeba betri yake, ina baadhi ya kadi zisizo na mchezo ndani. Mnunuzi huupakua mwenyewe.

Gharama ya kupakua si ndogo. Michezo mikubwa ya kizazi hiki hufika GB 100 na kuzidi. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde isiyoyumba hata mara moja, mzigo huo huchukua zaidi ya saa 44. Tukikadiria bando kwa shilingi 2 kwa kila MB, mchezo mmoja utakula shilingi 200,000 kabla hujalipia mchezo wenyewe. Wapo watakaosema kuna vifurushi vya mwezi visivyo na kikomo. Vipo, lakini mwenye kuvitegemea amejiwekea kodi ya kila mwezi ili mashine aliyokwisha kuilipia ifanye kazi. Tena Tanzania haimo katika orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mtanzania hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine na kutafuta kadi za malipo za huko. Mchezo alionunua kwa njia hiyo umo kwenye akaunti ambayo, kwa taratibu za kampuni, hakupaswa kuwa nayo. Diski haina mashaka hayo. Ukiichoka utaiuza, utabadilishana na jirani au utamwazima rafiki, na mchezo wako hautafungiwa kwa sababu ya nchi unayoishi.

Upo pia upande wa ufundi na vumbi. PS5 hupoozwa kwa metali ya kimiminika iliyopakwa kati ya kichakataji na bamba la kutolea joto. Metali hiyo hupitisha umeme, na fundi asiyeizoea akifungua mashine ikamwagika pembeni anaweza kuua bodi nzima. PS4 hutumia pesti ya kawaida ambayo fundi yeyote makini anaifahamu. Anayeishi Mpanda anajua kiangazi cha Juni hadi Oktoba kinavyoleta vumbi, na mashine yoyote ya gemu itahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Diski-kuu ya PS4 ikichoka, mwenyewe unaweza kuibadilisha kwa bisibisi na hata kuweka SSD. Ama kuhusu picha, sifa kubwa ya PS5 ni ubora wa 4K, na sifa hiyo haionekani kwenye televisheni ya inchi 32 ambayo haina uwezo wa 4K. Anayenunua PS5 na kuiunganisha na televisheni ya namna hiyo amelipia picha ambayo kioo chake hakiwezi kuionyesha.

Kwa anayefanya biashara, hesabu iko wazi zaidi. PS5 yenye diski ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 bei yake Marekani ikapandishwa hadi 549. PS2 iliyoanza kwa dola 299 ilikuwa imeshuka hadi 99 mwaka 2009. Zamani aliyesubiri alilipa kidogo. Kwa kizazi hiki, miaka mitano baadaye, bei imepanda. Juu yake kuna usafiri wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Kwa fedha ya PS5 moja mpya mtu anaweza kupata PS4 mbili zilizotumika. Mashine mbili ni wachezaji wanne kwa wakati mmoja badala ya wawili, na moja ikienda kwa fundi nyingine inabaki kazini. Mteja hulipa kwa mechi. Tuseme mechi ni shilingi 500: atalipa hiyohiyo kwenye PS5 na kwenye PS4, kwa kuwa anachokitafuta ni kumfunga mwenzake aliyekaa naye benchi moja.

Nazijua hoja za upande wa pili, na zinastahili majibu. Ya kwanza ni kwamba PS4 inakufa, na anayeinunua leo ananunua maiti. Ushahidi unakataa. EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, ilitolewa pia kwa PS4, takribani miaka kumi na miwili tangu mashine hiyo izinduliwe. PS2 nayo ilipata FIFA 14 na PES 2014 mwaka 2013, miaka kumi na mitatu baada ya kuzaliwa. Siku ya PS4 kuachwa itafika, na hata hapo diski zilizopo zitaendelea kuchezwa kwa pedi mbili bila ruhusa ya seva yoyote. Wakati huo PS5 iliyotumika, yenye kisomeo cha diski, itakuwa imefikia bei ya mtu wa kawaida. Hoja ya pili ni kwamba mashine za zamani hulisha biashara ya nakala za wizi. Kwa PS2 zilizowekewa chipu za kuchezesha nakala hilo lilikuwa kweli, na ni kosa linaloumiza watunzi wa michezo. Lakini PS4 ina diski halisi nyingi zilizotumika, zinazouzwa kihalali kwa mkono wa pili, na hizo ndizo ninazozitetea. Hoja ya tatu ni kwamba PS5 hufungua michezo haraka na ina picha nzuri. Ni kweli. Lakini PS4 nayo huendesha soka kwa fremu 60 kwa sekunde, na uzuri unaoongezeka hapo haulingani na umeme, bando na mtaji unaoliwa.

Hoja ya nne ndiyo nzito, kwa sababu inagusa heshima: kwa nini watoto wa Katavi wabaki na vilivyotumika wakati wenzao wa Masaki wanacheza vipya? Dharau ya kweli kwa watu wa Mpanda ni kuwauzia kwa bei kubwa kifaa ambacho nusu ya uwezo wake haitafanya kazi huko, na kuwaacha waamini kwamba kasoro ni ya kwao. Heshima ni kudai umeme wa uhakika, mkongo wa mawasiliano unaofika mitaani kwa bei nafuu, na Tanzania kutambuliwa na kampuni zinazochukua fedha za Watanzania. Madai hayo yaelekezwe kwa TANESCO, kwa kampuni za simu, kwa TCRA na kwa Sony na Microsoft zenyewe. Mzazi wa Nsemulwa hapaswi kuyalipia kwa kununua mashine inayomsubirisha mtoto wake siku mbili ili aanze kucheza.

Kwa hiyo anayejiandaa kununua mwaka huu aulize mambo manne dukani kabla hajauliza jina la kampuni. Je, ina sehemu ya diski? Inakula wati ngapi ikiwa inacheza? Nani atanitengenezea hapa Mpanda? Na rafiki zangu wana diski za mashine gani? Mashine itakayojibu vizuri yote manne ndiyo mashine yake, na kwa Katavi ya leo hiyo ni PS4 iliyokaguliwa vyema, ikiwezekana Slim. Xbox Series S asiichukue kwa sababu tu bei yake ni ndogo, maana bila diski kila mchezo utapita kwenye bando. Fedha inayobaki inunue betri, inveta na pedi ya pili. Hivyo vitatu vitampa saa nyingi za kucheza kuliko kizazi chochote kipya kinachotangazwa.