Karatasi ya "MBOVU" haitengenezi monita

Nimechoka na zile karatasi za "MBOVU" kwenye monita za maabara yetu. Picha ikicheza kidogo, karatasi! Rangi zikigeuka, karatasi! Halafu tunapanga foleni kuchapa maandalio ya somo huku mashine zinakula vumbi.

Jamani, kupima ni bure. Bonyeza menyu ya monita yenyewe. Ikitokea safi wakati picha imevurugika, mara nyingi monita ni nzima. Kesi iko kwenye waya au kompyuta. Kichwa cha waya wa VGA kina nafasi za pini 15. Pini ya rangi nyekundu ikipinda, kila kitu kinaonekana kijani-buluu. Chomoa, kagua, rudisha, kaza skrubu zake mbili. Bado? Hamishia monita kwenye kompyuta nyingine. Ikitulia, mgonjwa ni kompyuta. Picha ikivurugika tangu inapowaka, kabla Windows haijaingia, usisingizie draiva. Angalia kadi ya grafiki na feni yake. Ikianza baada ya Windows tu, hapo anza na draiva.

Mtaniambia hiyo kazi ya fundi. Kufungua boksi, sawa. Kukaza waya nako?

Sisi ni walimu watarajiwa. Kesho unapangiwa shule yenye kompyuta tatu, fundi yuko mjini. Ukibandika karatasi kwenye moja, umewanyima watoto theluthi ya maabara yao. Na wanakuangalia, wanajifunza kukata tamaa kutoka kwa mwalimu wao.

Haya, nani anaanza kuzibandua?