Mazungumzo ya Juma: Petroli Ilipotuishia Karibu na Sachangwan

Juma hili, wasomaji, nataka kuzungumza habari za motokaa kuukuu na petroli, maana jambo hili limenipata mimi mwenyewe, tena mbele ya mtu ninayemheshimu, wala sioni sababu ya kulificha. Mwenye motokaa mpya ataona kuwa ni mzaha. Lakini najua kwamba wakulima na makarani wengi kama mimi hawaendeshi motokaa mpya; tunaendesha zile tulizorithi, au tulizonunua kwa mtu aliyezinunua kwa mtu mwingine.

Yangu ni Volkswagen, ile yenye mgongo kama wa kobe, iliyotoka kiwandani mwaka 1960. Babu yangu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaitunza kuliko alivyowatunza ng'ombe wake, na alipofariki ikaja mikononi mwangu. Ni gari la sifa, kwa maana wenzake walishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, na tena mwaka 1962. Ila halina kipimo cha mafuta. Msidhani kwamba kimeharibika, hakikuwekwa. Volkswagen nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani bila kipimo, zikapewa badala yake koki ya akiba.

Koki hiyo iko chini ya tangi, na mkono wake uko mbele karibu na miguu ya dereva. Ndani ya tangi mna mrija mrefu uliosimama, na chini yake tundu fupi. Siku zote petroli hupita katika mrija mrefu, kwa hiyo zile lita 5 za chini haziguswi. Zikibaki hizo tu, injini hukohoa na kusitasita; ndipo dereva huisukuma koki kwa ncha ya kiatu, tundu la chini likafunguka, akaenda zake polepole akitafuta kituo. Babu alikuwa akifanya hivyo bila hata kukatiza maneno yake. Lakini shauri zima latakiwa litimizwe kwa sharti moja, yaani mtu akiisha kujaza petroli airudishe koki mahali pake. Asipoirudisha, akiba itanywewa pamoja na nyingine, na gari halitakohoa kabla ya wakati ili kumwonya.

Basi Ijumaa moja mtoto wa ndugu yangu aliniazima motokaa. Jioni alinirudishia funguo kwa mikono miwili, akasema, "Baba mdogo, nimetia mafuta." Alisema kweli. Alikuwa ametia kidogo, na koki akaiacha katika akiba.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kumpeleka mjomba wangu Eldoret. Kulikuwa na mazungumzo ya mahari siku ya Jumapili, naye ndiye msemaji wetu. Bila yeye hakuna neno ambalo lingeweza kuanza. Tuliondoka Nakuru alasiri, safari ya kilomita zipatazo 155, na nyingi za kwanza ni za kupanda. Nyuma tulipakia mashuka, sukari, na gunia la viazi ambalo sikuelewa kwa nini lipelekwe kwa watu wanaolima viazi. Tulipofika Salgaa mjomba alitazama vituo vya petroli, akaniuliza, "Kijana, mafuta yapo?" Nikamjibu, "Yapo, Mjomba." Nilijibu upesi kama karani ajibuye kwamba faili ipo mezani kabla hajaitafuta.

Jua lilikuwa likielekea kuzama tulipoipita Sachangwan. Injini ikakohoa. Sikushtuka hata kidogo. Nilinyosha mguu kwenye koki ili niigeuze, nikaona kwamba imekwisha kugeuzwa. Nawaambia, wasomaji, ubaridi ulinipanda kutoka kwenye kiatu hata kichwani. Nililisogeza gari kando, nalo likanyamaza. Mjomba, ambaye aliendesha trekta la shamba kwa miaka mingi, hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Ulisema yapo wapi?"

Watu wetu ni wema njiani, na hilo lazima lisemwe. Haikupita nusu saa mkulima mmoja akasimamisha pikapu yake kuukuu iendayo kwa petroli, akasema atatugawia lita 3 za kutufikisha kituoni. Kijana aliyekuwa naye akaleta mpira na mtungi, akatia mpira katika tangi na kuvuta kwa kinywa. Akavuta kupita kiasi, akameza funda moja, akakohoa hata machozi yakamtoka.

Hapa nataka kusimama kidogo. Petroli tumboni ni mbaya, lakini petroli mapafuni ni mbaya zaidi, na mtu akiivuta kwa kinywa huenda ikaingia huko bila yeye kujua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa maana ikipanda tena yaweza kuingia mapafuni safari ya pili. Apelekwe kwa mganga wa hospitali au zahanati iliyo karibu. Wala hakuna haja ya kuvuta kwa kinywa. Shuleni mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwa ndoo mbili za maji: tumbukiza mpira wote ujae, ziba ncha moja kwa kidole gumba, itoe na kuishusha chini kuliko usawa wa mafuta, kisha uachilie. Nilimwonyesha kijana yule, na mafuta yakatiririka yenyewe katika mtungi uliowekwa chini, juu ya ardhi. Kijana alisikitika kwamba sikusema mapema. Nilikuwa nimeona haya kumfundisha mtu anayenisaidia.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Katika Volkswagen hizi tangi liko mbele, na mdomo wake uko chini ya boneti, kwa hiyo nilifungua boneti nikawa namimina polepole. Mjomba alikuja kusimama kando yangu ili aone kama yamepanda. Nikasikia kibiriti kikitikiswa katika kisanduku chake.

Sikufikiri. Niliupiga mkono wa mjomba wangu, kaka yake mama, mzee wa miaka sabini, na kibiriti kikaruka mtaroni. Mwenye pikapu aliona. Kijana aliona. Hakuna aliyesema neno, na mimi nilibaki nimeshika mtungi kama mwizi.

Si kwamba mzee ni mjinga. Fikirini maisha yake. Nyumbani amewasha taa ya mafuta ya taa tangu utotoni. Shambani amejaza dizeli usiku kwa mwanga wa kijinga cha moto, na hakuna lililotokea. Mafuta hayo mawili hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto. Petroli si ndugu yao. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jioni ya Mau. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika mitaroni, hata mtu aliye mbali na mtungi aweza kuuwasha. Mkono uliozoea dizeli huiendea petroli kwa mazoea yale yale.

Nasi tulikuwa tumesimama karibu na mahali pa kutukumbusha. Tarehe 31 Januari mwaka 2009, hapo Sachangwan, lori la petroli lilipinduka, watu wakalikimbilia na mitungi na ndoo kuchota iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nimepata kusikia watu wakisema kwamba wale walikuwa walafi. Mimi siwezi kusema hivyo. Aliyesema hivyo hajauliza bei ya mafuta kwa mtu asiye na mshahara, wala hajauliza ni wangapi kati ya wale waliojua kwamba kile walichokuwa wakikanyaga hakifanani na mafuta ya taa yaliyo jikoni mwao. Mjomba wangu, ambaye alizijua habari hizo na kuzililia, alitoa kibiriti mahali pale pale.

Gari halikuwaka mara moja, maana pampu na kabureta vilikuwa vikavu, na betri yangu ni ile ya zamani ya volti 6 ambayo haipendi kazi ndefu. Kijana akashauri tumimine petroli kidogo katika kabureta, kama mafundi wengine wafanyavyo. Nilikataa, maana injini ikirudisha moto kupitia pale, mtungi uko mkononi. Nilipiga stata kidogo kidogo, nikiipumzisha betri kila mara, na mara ya sita ikaitika. Tulimshukuru mwenye pikapu. Alikataa fedha, akakubali viazi. Hivyo nikajua kazi ya lile gunia.

Sasa mtasema kwamba haya ni ya Volkswagen tu. La. Pikapu na Peugeot kuukuu zina kipimo, lakini kipimo hicho hutegemea boya dogo linaloelea ndani ya tangi, lenye mkono na waya. Boya likitoboka huzama, na sindano itakuambia kila siku kwamba tangi ni tupu. Mkono ukikwama, sindano itasimama nusu mpaka siku ya Kiyama. Huyo wa pili ndiye adui, maana anasema maneno ya kupendeza. Mwenye gari la namna hiyo na aweke daftari, aandike kilomita alizosoma siku aliyojaza tangi, na lita alizotia. Baada ya mara tatu au nne atajua gari lake linakunywa kiasi gani, nalo likibeba mzigo na kupanda Timboroa atajua kwamba litakunywa zaidi. Mimi ni karani, kuandika tarakimu ndiyo kazi yangu ya kila siku, na daftari hilo sikuwa nalo.

Tena msiliache tangi kuukuu likae karibu tupu. Usiku wa baridi unyevu wa hewa hugeuka maji kwenye kuta za bati zisizo na mafuta, kutu huanza, na takataka za miaka mingi zilizolala chini ndizo zitakazovutwa. Mara nyingi mtu husema petroli imekwisha, kumbe imo, ila njia imezibwa.

Magari ya kale yalikuwa na vituko vyao. Ile Ford ya Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, haikuwa na pampu. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti. Mafuta yakipungua na kilima kikiwa kikali, injini iliyo mbele ilikuwa juu kuliko tangi, ikakosa kinywaji. Madereva waligeuza gari wakapanda kilima kinyumenyume! Nilimsimulia mjomba habari hii tulipokuwa tukiendelea, kwa tumaini la kumchekesha. Hakucheka.

Jambo jingine nililoshawishika nalo usiku ule ni kuzima injini kwenye miteremko ili tuhifudhi petroli, kama waendeshavyo wengine katika barabara ile ile, na mara nyingi twasikia mwisho wao. Lori likiachwa liteleze bila gia, breki peke yake ndizo hubeba uzito wote, zikapata moto na kulegea. Na injini ikizimwa kabisa, magari mengi hupoteza ule msaada wa breki na wa usukani. Nilitazama mteremko, nikamtazama mjomba, nikaacha gia mahali pake.

Tulijaza petroli kwenye kituo cha kwanza tulichokiona, nami nikairudisha koki kwa mkono, nikaitazama mara mbili. Mjomba hakusema neno mpaka tulipokaribia Burnt Forest. Hapo akasema, "Ule mkono umeniuma." Nikasema, "Nisamehe, Mjomba." Akanyamaza tena.

Kesho yake, mbele ya wakwe, kabla ya kuingia katika habari za ng'ombe, alisimama akaeleza kwa nini tulichelewa. Alieleza habari za koki, na mpira, na mwenye pikapu, kwa ufasaha ambao mimi sina. Kisha akaeleza jinsi mwana wa dada yake, kwa kuwa makarani hawajui petroli, alivyotoa kibiriti penye tangi, na jinsi yeye mwenyewe alivyokipiga kikaruka mtaroni. Wazee wa upande wa pili wakatikisa vichwa, wakanitazama kwa huruma. Nilinywa chai yangu. Mahari ilikubaliwa kabla ya saa kumi.

Tulipokuwa tukijitayarisha kurudi alikata fimbo nyembamba iliyonyooka, akaichonga vizuri, akanifanya nitie petroli lita 5, kisha nyingine 5, na kila mara akitumbukiza fimbo na kukata alama kwa kisu. Fimbo hiyo sasa imelala chini ya kiti changu, na mtoto wa ndugu yangu amekwisha kuonyeshwa namna ya kuisoma, pamoja na mahali pa koki.

Koki yenyewe imeanza kuvuja matone machache karibu na miguu, na baada ya niliyoyaandika hapa silali vizuri. Fundi wangu asema ni washa iliyokauka, naye hana ya kipimo hicho. Msomaji ajuaye mahali zinapopatikana, na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili.